Bega limegoma, ziwa nalijua: nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo Mama. Nina miaka 34, naishi Igombe, Ilemela. Nimevua dagaa tangu nilipomaliza darasa la saba, na miaka michache nilivua sangara. Miezi saba iliyopita tukiwa majini usiku, kamba ya nyavu ilinizunguka mkono wa kulia, wimbi likasukuma mtumbwi, bega likateguka. Hospitali walilirudisha, lakini daktari akasema mishipa ya fahamu imevutika. Kiganja hakina nguvu na vidole viwili havisikii kitu. Amesema kazi ya kuvuta nyavu basi. Tajiri mwenye mtumbwi alilipia matibabu ya mwanzo, akanitumia laki mbili kwa simu, tangu hapo kimya. Mke wangu ananunua ndoo mbili tatu za dagaa, anaanika na kuuza, ndicho tunachokula mimi, yeye na watoto watatu. Kaka yangu anataka tuuze kiwanja cha Kisesa tununue pikipiki nifanye bodaboda. Wenzangu wanasema nirudi majini kama nahodha, nishike injini tu. Sina cheti chochote. Ni kazi gani inanifaa?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole. Pole pia kwa mkeo, maana naona mzigo wote umemwangukia yeye.

Kabla ya habari ya kazi, kuna jambo lina tarehe ya mwisho na nataka ulishughulikie wiki hii. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi inataka taarifa ya ajali imfikie mwajiri au Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ule unaoitwa WCF, ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali. Wewe umeshatumia saba. Najua utakachosema: nilikuwa kibarua wa mgawo, nalipwa fungu la mavuno tu, sina mkataba, tajiri hajawahi kuniandikisha popote. Wavuvi wengi huishia hapo, wanarudi nyumbani bila hata kuuliza. Sasa sikia. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inamchukulia mtu kuwa ni mwajiriwa ikiwa hata alama moja kati ya kadhaa inaonekana: anafanya kazi kwa maelekezo ya mwingine, anatumia vifaa vya huyo mwingine, anamtegemea kwa kipato, au amemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu ya mwisho. Mtumbwi ulikuwa wa nani? Nyavu na injini za nani? Nani alikuwa anaamua leo mnatoka, kesho hamtoki? Majibu yako ndiyo hoja yako.

Tajiri anaweza kuipinga dhana hiyo, kwa hiyo sikuahidi kwamba utashinda. Ila faida ya kujaribu ni kubwa. Dai likikubaliwa, Mfuko hugharamia matibabu, na kwa kipindi ambacho huwezi kufanya kazi hulipa asilimia 70 ya kipato chako kwa muda usiozidi miezi 24. Ulemavu ukibaki wa kudumu, madaktari huupima kwa asilimia. Ukiwa asilimia 30 au chini yake, unalipwa kwa mkupuo mmoja. Ukizidi hapo, unalipwa pensheni kila mwezi. Kuna pia huduma za utengamao, yaani mazoezi tiba na msaada wa kukurudisha kwenye kazi unayoweza kuifanya. Kusanya karatasi zote za hospitali. Tafuta wenzako wawili waliokuwa mtumbwini usiku ule, wakubali kuandika walichokiona. Kama karani wa mwalo, yaani pale ufukweni mnaposhushia dagaa, ana daftari la mgawo lenye jina lako, piga picha kurasa hizo. Na ile laki mbili iliyokuja kwa simu, usifute ujumbe wake, kwa sababu unaonyesha nani alimtumia nani, na lini. Kisha peleka barua ya taarifa kwa tajiri, ubaki na nakala iliyosainiwa kuwa imepokelewa, halafu wewe mwenyewe uende ofisi ya Mfuko hapo Mwanza. Wakikuambia mwajiri hajajisajili, usigeuke kurudi nyumbani. Waeleze yote na uombe taarifa yako ipokelewe kwa maandishi.

Tuje kwenye mkono. Daktari amekwambia usichoweza kufanya. Sasa unahitaji akwambie unachoweza, na hilo hujaniandikia. Rudi kliniki ya mifupa, Bugando au Sekou Toure, popote walipo na faili lako, umuulize daktari maswali haya kwa utaratibu: ni mishipa ipi iliyoumia, imekatika au imevutika tu, na anatarajia nini baada ya mwaka mmoja. Mshipa wa fahamu uliovutika bila kukatika huweza kuota upya, lakini huota polepole sana, kiasi cha milimita moja kwa siku. Pima kutoka begani hadi kwenye vidole utaona kwa nini miezi saba si muda wa kutoa hukumu ya mwisho. Mazoezi tiba katika kipindi hiki hayataharakisha mshipa, ila yanazuia viungo kukakamaa, ili nguvu ikirudi ikute mkono unaokunjika. Wengi huyaacha kwa sababu ya nauli. Kama nauli ndiyo tatizo, mwombe mtaalamu wa mazoezi akufundishe ya kufanya nyumbani na mkeo aangalie namna yanavyofanywa.

Hivyo vidole viwili visivyosikia navyo ni vya kuangaliwa. Mkono usiosikia unaungua bila mwenyewe kujua. Nasema hivi kwa sababu mtu atakuja na wazo la dagaa wa kukaanga, ambao kweli wanauzika mjini. Mafuta ya moto, moshi wa kubanika, chemli, yote hayo yakae mbali na mkono wa kulia hadi hisia zirudi.

Pikipiki. Nakuomba usiuze kiwanja. Sina neno na bodaboda, vijana wengi wa Mwanza wamejenga kwa kazi hiyo. Lakini angalia pikipiki yoyote: mkono wa kulia ndio unaoshika mafuta, na mkono huo huo ndio unaovuta breki ya mbele, breki yenye nguvu kuliko ya nyuma. Kiganja chako kisichoweza kukaza kamba kitavutaje breki mtoto akikatiza barabarani pale Buswelu, nyuma umebeba abiria? Kaka yako anakupenda na anataka uinuke haraka. Mpeleke kwenye kijiwe chochote, akae juu ya pikipiki iliyozimwa, ajaribu kuvuta breki ile kwa vidole viwili vilivyolegea. Atakuelewa kuliko nikimwandikia kurasa tatu. Ukishauza kiwanja, na pikipiki ikauzwa hasara baada ya ajali ya pili, hapo ndipo mnapobaki hamna pa kuanzia.

Unahodha nao naukataa, ingawa una sababu yake nzuri. Ni kweli injini nyingi za mitumbwi yetu huongozwa kwa mkono wa kushoto, na wa kwako mzima. Mambo yakiwa shwari utaweza. Tatizo ni usiku ambao mambo hayawi shwari, na wewe unajua kwamba radi na dhoruba za ziwa hili hupiga sana usiku, saa zile zile mnazokuwa na taa majini. Injini ikizima katikati ya mawimbi, kamba ya kuwashia inataka mabega mawili. Mtumbwi ukiingiza maji, kila mtu anakomba. Mkipinduka, hata ukiwa na jaketi la kuokolea, kushika mtumbwi na kujiburura kwa mkono mmoja ni kazi nyingine kabisa. Na wenzako watano watakuwa wamekukabidhi maisha yao.

Sasa unachojua. Umeniandikia huna cheti, ukaishia hapo, kana kwamba miaka 15 na zaidi ya ziwa haikukufundisha kitu. Tajiri wa dagaa mwenye mitumbwi minne hahangaiki kupata mabega. Mabega yamejaa kila mwalo, kuanzia Igombe hadi Kayenze. Anachokikosa ni mtu wa nchi kavu anayejua kinachotokea majini. Mafuta yaliyotoka lita arobaini, mtumbwi umerudi na ndoo kumi, nahodha anasema walienda mbali: je, ni kweli, au wameuziana dagaa ziwani kabla ya kufika ufukweni? Mtu ambaye hajawahi kuvua hawezi kujibu. Wewe ukiangalia nyavu zilivyolowa, hali ya taa na nyuso za vijana, unajua. Kazi hii ipo, inaitwa usimamizi wa kambi au ukarani wa mwalo, kutegemea ukubwa wa tajiri. Unapokea mitumbwi alfajiri, unahesabu ndoo, unaandika mafuta, betri na chakula, unakata gharama, unagawa mgawo, unapanga matengenezo ya nyavu siku za mbalamwezi watu wanapopumzika. Mwandiko ndio utakaokusumbua, kwa kuwa mkono wako wa kuandikia bila shaka ndio ulioumia. Anza leo kujifunza kuandika tarakimu kwa mkono wa kushoto kwenye daftari la mtoto wako. Herufi zitachelewa, tarakimu hazichukui muda mrefu. Simu nayo inasaidia, unarekodi kwa sauti kisha mtu mwingine anaandika.

Hiyo ndiyo ningeitafuta kwanza kama ningekuwa wewe. Ya pili iko nyumbani kwako tayari, na hapa nitakaa kidogo.

Mkeo ananunua ndoo mbili tatu na kuanika. Anaanika wapi? Kama ni mchangani, hapo ndipo pesa inapopotea. Dagaa wenye mchanga huishia kwenye chakula cha kuku, na bei yake ni ya chakula cha kuku. Dagaa walioanikwa juu ya chanja, wakakauka pande zote bila mchanga na bila kukanyagwa na mbuzi, huliwa na watu, na ndio wanunuzi wa soko la Mwaloni Kirumba wanaowatafuta kupeleka mikoani, Kongo, Rwanda na Burundi. Chanja si kitu cha ajabu: nguzo za miti, fremu, na nyavu kuukuu iliyokazwa juu yake kwa kimo cha kiuno. Nyavu kuukuu unajua zinapopatikana. Kijana wa jirani atachimba mashimo, wewe utapima na kuelekeza, na kimo hicho cha kiuno kitakufaa kwa sababu hutainama na hutainua.

Lakini mchango wako mkubwa uko usiku, mitumbwi inapoingia. Mkeo anapokea ndoo kama zilivyo. Wewe unajua kwa kutazama ni dagaa wa mvuto wa kwanza waliokaa mtumbwini tangu saa tatu usiku, au wa mvuto wa alfajiri. Unawajua kwa mng'ao wa ngozi na matumbo yaliyopasuka. Waliopasuka matumbo hawakauki vizuri, wanavunjika, na gunia zima linaharibika sura. Unajua pia wingu la namna gani litaleta mvua saa nne asubuhi, kwa hiyo utajua siku ya kununua ndoo kumi na siku ya kununua mbili. Masika ndiyo inayofilisi wanikaji: mtu ananunua kwa mkopo usiku, mvua inanyesha siku mbili mfululizo, dagaa wanaoza juu ya chanja na deni linabaki zima. Nunueni turubai kabla ya kuongeza ndoo. Wala msinunue kwa mkopo mwezi wa tatu na wa nne, hata mkishawishiwa vipi.

Mizigo usibebe. Gunia la dagaa wakavu linaonekana jepesi, ila kulitupa juu ya gari ni kazi ya bega. Mlipe kibarua, uingize malipo yake kwenye hesabu tangu mwanzo. Biashara isiyoweza kumlipa mbebaji haiwezi kukulisha wewe pia.

Nakisia kuna jambo hujaliandika. Uanikaji dagaa katika mialo yetu ni kazi ya akina mama, na mwanaume aliyekuwa anasimama mbele ya mtumbwi huona haya kuonekana anageuza dagaa juani huku wenzake wakipita. Nimewaona wanaume wakikaa kijiweni mwaka mzima kwa sababu ya haya hiyo, wengine wakaishia kwenye pombe, na mke anaendelea kuanika peke yake. Huzuni yako ni halali. Umepoteza kazi uliyoijua tangu utotoni, umepoteza na kampani ya usiku, hilo ni kama msiba na mtu anaruhusiwa kulia. Ila watoto watatu wanakula kwa chanja hiyo. Na ukiingia, ingia kwa adabu: biashara ameianzisha mkeo, wateja ni wake, fedha anazihesabu yeye. Kaeni usiku mmoja, mwambie ulichonacho ni macho ya kuchagua dagaa na sauti ya kujadiliana na manahodha wanaokuheshimu, kisha umuulize anataka usimame wapi. Usimnyang'anye daftari.

Mengine nitayapitia haraka. Umevua kipindi cha karabai na ukaziona taa za betri na sola zikiingia, kwa hiyo kuchaji na kutengeneza taa za dagaa ufukweni kunawezekana ukiwa na kijana wa kubeba betri. Kama umewahi kufungua injini ukazijua, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kupima ujuzi ambao mtu ameupata kazini na kumpa cheti bila kuanza darasani upya. Nenda chuo chao cha Mwanza ukaulize kama fani yako imo. Kisha kuna vizimba vya sato, vinavyoongezeka ziwani kila mwaka. Wenye vizimba wanahitaji watu wa kulisha kwa saa, kulinda na kuandika kumbukumbu, na zaidi ya hapo mtu atakayegundua mapema maji yamebadilika rangi na harufu kabla samaki hawajaanza kufa kwa kukosa hewa. Wahitimu wa vyuo wanajua jina la tatizo hilo, wewe unajua dalili zake. Pale Nyegezi kuna kampasi ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA. Nenda ukaulize mafunzo mafupi ya ufugaji wa samaki na masharti ya kujiunga kwa mtu wa darasa la saba. Ila kizimba cha mtu mwingine kisikufanye upande mtumbwi mdogo peke yako usiku. Sema hilo mapema, kabla ya kukubali kazi.

Nenda pia kwa afisa ustawi wa jamii wa manispaa yenu ya Ilemela, utambuliwe rasmi kama mtu mwenye ulemavu, daktari akithibitisha. Najua neno hilo linauma mara ya kwanza. Lakini asilimia 10 ya mapato ya ndani ya kila halmashauri hutengwa kwa mikopo isiyo na riba, na katika hiyo asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu, 4 ya wanawake na 4 ya vijana. Mkeo anaweza kuomba na kikundi cha wanawake wanikaji, wewe ukaomba kwenye fungu lako. Afisa maendeleo ya jamii atawaeleza masharti. Vilevile Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe angalau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Viwanda vya samaki vya hapa Mwanza vina wafanyakazi wengi kuliko hao 20. Hawatakupigia simu, lakini ukienda kuomba kazi ya kupokea na kukagua samaki mlangoni, au ya mizani, itaje sheria hiyo kwa upole kwenye barua yako.

Nimalizie na tajiri wako, kwa sababu kazi ya kwanza niliyokutajia inaweza kutoka kwake. Utasema nikimpelekea barua ya fidia atanichukia. Inawezekana. Kwa hiyo mwendee mwenyewe kabla hajasikia kwa wengine, mchana, msiwe na watu, na mtu mzima mmoja mnayemheshimu wote wawili awepo. Mwambie fidia hulipwa na Mfuko, na barua yako ni ya kutaja ajali iliyotokea, haimtukani. Asipokuwa amejisajili atakuwa na mambo yake ya kujibu, usimfiche hilo. Halafu mpe pendekezo: umsimamie mitumbwi miwili kwa giza mbili, yaani vipindi viwili vya kuvua visivyo na mbalamwezi, ikiwezekana kimoja cha mvua na kingine kisicho na mvua, muone mafuta yanapungua kiasi gani na ndoo zinaongezeka kiasi gani. Kwa majaribio hayo dai posho inayojulikana kila wiki, usikubali mgawo, kwa maana mgawo wa msimamizi ndio wa kwanza kukatwa dagaa wakiwa haba. Akikataa, mitumbwi ya Igombe ina matajiri wengine, nenda kwao na pendekezo lile lile. Akikubali, andikeni: kazi zako ni zipi, hutapanda mtumbwi, hutabeba, posho ni kiasi gani na siku gani, mwenyekiti wa mtaa ashuhudie, nakala moja ibaki kwako.